Sentensi za Bi Zuhura

Siku niliyoshuka kutoka milimani kwenda Kivinje imenikaa kichwani kuliko siku nyingi zilizofuata, mwanangu, ingawa baada ya hapo nimesafiri sana na sijui kama nimeacha kusafiri hata leo. Tuliondoka Kipatimu alfajiri juu ya lori la machungwa, mimi na sanduku langu la bati nyuma, baba yangu mbele na dereva. Mvua ilikuwa imeichimba barabara. Mara mbili lori lilikwama, tukashusha magunia, tukasukuma, tukayapakia tena moja moja. Tulipotokea Njia Nne matope yalikuwa yameshanikaukia miguuni kama soksi. Tukashika barabara ya kusini, tukapita Miteja, tukafika Nangurukuru, na hapo tukakata kushoto kuelekea pwani. Nilikuwa na miaka kumi na saba na sijawahi kuiona bahari. Nilipoiona niliona aibu kumuuliza baba kama ndiyo hiyo.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu yako. Juzi ulinijia na daftari lako hapa kwenye chumba nilichopanga kwenu, ukataka nikusaidie zile sentensi za "if", na mwalimu wenu amewapa maneno ya shule na ya nyumbani: dawati, ubao, paa, mlango, jiko. Nilikwambia kichwa kinaniuma. Hakikuwa kinaniuma. Kaa basi nikueleze kilichokuwa kinaniuma, kisha hizo sentensi tutazifanya, maana kuzifanya nazijua vizuri.

Baba alinipeleka Kivinje kwa sababu shule ya sekondari ilikuwa huko, na kwa sababu huko alikuwa na mtu mmoja anayemwamini: Bi Zuhura, mwanamke aliyekuwa akinunua machungwa yetu kwa magunia na kuyauza rejareja mbele ya nyumba yake. Sisi nyumbani ni watu wa kanisa. Yeye alikuwa Mwislamu, na mji wao wote hivyo. Baba alipomwomba anipokee, hakuuliza nasali wapi. Aliuliza kama nakula samaki.

"Anakula kila kitu," baba akasema.

"Basi ataona taabu akirudi kwenu," Bi Zuhura akajibu, "maana huko mnakula mihogo na hewa."

Baba akacheka. Mimi nikasema shikamoo, naye akaitikia marahaba akiwa ameshalibeba sanduku langu kwa mkono mmoja.

Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili vya udongo vilivyoezekwa makuti, na ubavuni mwake chumba cha tatu cha mawe ambacho hakikuisha. Kuta zilifika usawa wa kichwa changu, zikaishia hapo. Mumewe, Salumu, alikuwa fundi mwashi. Alikianza chumba hicho mwenyewe, kisha akaenda Msumbiji kutafuta kazi ili aje akimalize. Alipokuwa akiondoka alikuwa ameshachonga na mlango. Mlango huo ulikuwa sebuleni, umeegemezwa ukutani, umefunikwa mkeka. Kila Alhamisi Bi Zuhura aliufunua, akaupaka mafuta ya nazi, akaufunika tena. Nilipofika mimi, Salumu alikuwa ameondoka miaka tisa. Barua zilikuja mwaka wa kwanza, zikakoma.

Watu wa mji walimshauri akae eda. Walisema miaka yote hiyo ni kifo, tena vitabu vinajua la kufanya kwa mume aliyepotea, aende kwa kadhi. Yeye hakwenda. Aliniambia siku moja, bila mimi kumuuliza, "Nikikaa eda, Deo, nitakuwa nimemzika mimi kwa mikono yangu. Na akija?" Kwa hiyo hakuwa mjane, na mke hakuwa. Wifi yake, Bi Mwanahawa, aliyekaa nyumba ya nne kutoka pale, alimsifu kwa hilo mbele za watu. Kiwanja kilikuwa cha ukoo wao, na Bi Zuhura alikaa pale kwa sababu moja tu: alikuwa anamngoja kaka yao.

Sasa nije kwenye daftari. Nilipoingia kidato cha tatu, mwalimu wetu wa Kiingereza alituambia kwamba sentensi hizi hazishiki kichwani mpaka uzitamke kwa sauti, kila siku, nyumbani, mbele ya mtu. Mimi mtu wangu alikuwa Bi Zuhura. Baada ya sala ya alasiri alikaa uani akisuka ukili wa mikeka, nami nikakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi nikasoma. Nasema kwa Kiingereza, kisha namwambia kwa Kiswahili, ajue ninasema nini.

"Kama dawati lingekuwa na miguu minne, nisingeanguka."

"Lina mingapi?"

"Mitatu, Bi Zuhura."

"Basi hiyo si Kiingereza, hiyo ni kesi."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Baada ya wiki moja alikuwa hangoji tena. Akiniona nachelewa kutoka mpirani anauliza, "Leo hatuna ifu?" Kisha akaanza kutoa za kwake. Mimi nilizigeuza kwa Kiingereza nilichokuwa nacho, nikaziandika, nikamsomea, naye akasikiliza maneno yake yakitoka kwa lugha ya watu wengine, akitabasamu kama mtu anayeona picha yake. Kama kuku angejua bei yake, asingetembea peke yake. Kama ningesoma, ningekuwa mwalimu mkali, mngekoma. Kama mvua ingenyesha huko kwenu Matumbi peke yake, ningepata machungwa na nguo zangu zingekauka. Nilijaza kurasa nyingi. Mwalimu akawa ananiwekea alama nzuri na kuandika chini kwamba sentensi zangu zina uhai. Sikumwambia zilikuwa za nani.

Siku moja, ulikuwa mwezi wa mfungo na yeye alikuwa amechoka, nilimsomea maneno ya nyumbani: paa, dirisha, mlango. Nilipotaja mlango aliacha kusuka. Akafumba macho, nikadhani amesinzia. Kisha akasema, polepole, kama anayejisemea mwenyewe:

"Kama ningeletewa habari kwamba Salumu amekufa, ningelia siku ile. Ningekaa eda yangu, ningeimaliza. Halafu ningelala." Akanyoosha ule ukili gotini. "Kuna siku naomba iwe hivyo, Deo. Mungu anisamehe. Nimechoka kusikiliza mlango."

Nilikuwa kijana, nikafanya nilichozoea kufanya akisema jambo zuri: nikaliandika. Yeye aliniona nikiandika. Hakunizuia. Leo najua kwa nini. Alifikiri kwamba ninachokiandika mbele yake kinabaki kati yetu, kama kilichosemwa uani kinavyobaki uani. Watu wa pale wana neno sitara, na kwao si nguo tu. Ukipokewa ndani ya nyumba ya mtu, ukamwona amefunua kichwa, ukamsikia akigombana, ukajua sufuria yake leo ni tupu, vyote hivyo umefunikwa navyo pamoja naye. Mimi nilikula pale miaka miwili na nusu bila kuelewa kwamba sitara hiyo ndiyo niliyokuwa nalishwa.

Wiki ile mwalimu alitaka kila mtu asome sentensi yake moja iliyo bora. Nilikuwa na za kuku na za mvua. Nikachagua ile. Nilijua ni nzito kuliko zote, na nilitaka darasa linyamaze. Niliifupisha, kwa kuwa Kiingereza changu hakikutosha. Kilio kikaachwa, eda ikaachwa, uchovu ukaachwa, ikabaki kwamba kuna mwanamke ambaye angefurahi kuletewa habari za kifo cha mumewe. Lakini nisijitetee kwa hilo, mwanangu. Hata ningeiandika neno kwa neno, haikuwa yangu kuitoa.

Mwalimu alisema, "Vizuri sana. Wafafanulie wenzako."

Hapo ndipo ningeweza kuacha. Darasani alikuwamo Tatu, binti wa Bi Mwanahawa, amekaa dawati la pili karibu na dirisha. Nilimwona. Lakini darasa lilikuwa limenyamaza kama nilivyotaka, na ukimya ule ulikuwa mtamu. Nikafafanua kwa Kiswahili. Jina sikutaja. Nilisema "mama ninayekaa kwake," kana kwamba mji ule ulikuwa na akina mama wengi waliokuwa wakikaa na kijana wa milimani.

Tatu hakunitazama tena siku ile.

Walikuja kesho yake baada ya alasiri, saa yetu ya kusoma. Bi Mwanahawa mbele, na wazee wawili wa ukoo nyuma yake, wamevaa kanzu. Bi Zuhura aliinuka, akawapa mkeka mzuri, akaniambia nilete maji ya kunawa miguu. Niliporudi na maji hakuna aliyeyapokea.

"Zuhura," Bi Mwanahawa akasema, "nimekusifu miaka kumi na moja. Kwenye harusi nakusifu, kwenye misiba nakusifu. Kumbe unamwombea kaka yangu afe."

Bi Zuhura alimtazama wifi yake, kisha akanitazama mimi, na nikaona alipoelewa. Haikuchukua muda.

Mzee mmoja, mpole, mwenye sauti ya chini, aliinua mkono. "Tusihukumu maneno ya watoto. Mambo ya shule haya, huwa wanatunga. Kijana, wewe mtoto wa watu, tuambie. Mama yako huyu alisema hivyo, au ni wewe uliyetunga?"

Mlango wa kumwokoa aliufungua yule mzee mwenyewe, ukabaki wazi kabisa. Nilitakiwa kusema neno moja. Somo zima lilikuwa la mambo ambayo hayapo: mtu hana nyumba anasema angekuwa na nyumba, mtu hana ndege anasema angeruka. Ningesema nimetunga wangeniamini, wangenikaripia, labda wangenichapa, na wangenawa yale maji wakaenda zao. Bi Zuhura hakunikonyeza wala kunisihi kwa macho. Aliangalia ukili wake tu.

Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri kwamba nikisema nimetunga nitaitwa mwongo. Nilifikiri nyumbani tulifundishwa kusema kweli. Hayo ndiyo niliyojiambia. Chini yake kulikuwa na woga, na chini ya woga kulikuwa na kitu kibaya zaidi: sikutaka Tatu na darasa zima waje wasikie kwamba ile sentensi iliyowanyamazisha ilikuwa uongo wangu.

Nikasema, "Alisema."

Bi Mwanahawa alijifunika uso kwa kanga akalia, na kilio kile kilikuwa cha kweli, maana naye alikuwa akimngoja kaka yake. Sijawahi kumchukia. Yule mzee mpole akasema kwa huzuni kwamba ukoo ulikuwa umemweka Zuhura pale kama mke wa mtoto wao, na kama moyo wake umeshatoka, basi ni afadhali na yeye atoke kwa heshima. Wakampa mpaka mfungo uishe.

Walipoondoka nilibaki nimesimama na lile bakuli la maji. Nilingoja anipige. Nilitaka anipige. Bi Zuhura alikunja mkeka mzuri, akauweka mahali pake, akarudi akachukua ukili.

"Maji hayo mwagia ile michaichai," akasema. "Na futari leo ni mihogo. Ya kwenu."

Kisha akaniuliza jambo moja tu, mgongo wake ukiwa kwangu. "Deo, nikuulize. Walicheka?"

"Nani, Bi Zuhura?"

"Wenzako. Ulipowasomea."

"Hawakucheka."

"Haya," akasema, na hatukulizungumza tena.

Siku zilizobaki hakupaka mlango mafuta. Alhamisi mbili zilipita na mkeka juu yake. Mimi nilirudi shuleni siku moja, mwalimu akaniita nisome tena, nikasema nimelipoteza daftari. Sikuwa nimelipoteza. Nilikuwa nimelitia kwenye moto wa jikoni, Bi Zuhura akiwa sokoni, nikidhani ninafuta.

Tangu wakati ule nimekaa vyumba vingi. Lindi, Masasi, Songea, Tanga. Nimebeba mawe ya ujenzi Songo Songo, nimelinda ghala, nimeuza vitabu vya shule kwenye sanduku la baiskeli. Watu husema nina miguu isiyotulia. Huenda. Lakini nakwambia ninavyoona mimi: kila mwenye nyumba akianza kunizoea, akianza kunieleza mambo ya ndani, mimi hufunga mzigo. Najiogopa. Habari za Salumu sikuzisikia tena, na za Bi Zuhura nilizisikia mara moja, kwamba yuko kwa kaka yake Mchinga na anauza maandazi. Lindi na Mchinga ni mwendo mfupi. Nilikaa Lindi mwaka mzima, na kila asubuhi nilijiambia nitakwenda Ijumaa.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, mwanangu, na sikuipata kitabuni. Ukiaminiwa maneno ndani ya nyumba, yaache ndani ya nyumba. Ninyi siku hizi hamna daftari tu, mna simu. Mama akilia jikoni, kabla machozi hayajakauka yameshafika kwenye simu za watu mia, na chini mmeandika maneno matamu ya kumwonea huruma. Huruma ile unaikusanya wewe, aibu inabaki kwake. Sisemi ufiche anayekuumiza. Huyo mseme, tena mseme mapema, kwa mtu anayeweza kukusaidia. Nasema juu ya yule aliyekufungulia moyo kwa sababu alichoka kuubeba peke yake. Cha kwake si cha kupatia sifa. Na ikitokea umeshakosea, ukapewa nafasi ya kulibeba kosa wewe mwenyewe, libebe. Usijifiche nyuma ya ukweli ukamwacha mwingine nje. Ukweli niliousema siku ile haukumsaidia mtu hata mmoja pale, na mimi nikiwa wa kwanza. Tena ukimkosea mtu nenda ukamwambie angali karibu. Usingoje Ijumaa.

Nimalizie na siku niliyoondoka. Ilikuwa siku ya tatu ya Idi. Bi Zuhura alikuwa ametuma salamu kwa baba kwamba anahama, hakueleza sababu, na hata baba alipokufa hakuwa ameijua. Lori la machungwa lilikuwa linarudi tupu milimani, lingenichukua Nangurukuru. Yeye angepanda hapo gari la kusini. Alifunga vitu vyake kwenye mikeka miwili. Mlango wa Salumu aliuacha sebuleni, umefunikwa. Alikabidhi funguo kwa Tatu, aliyekuja akilia, akamfuta machozi kwa ncha ya kanga yake.

Nangurukuru gari la Lindi lilifika kwanza. Kondakta akapiga kelele, akachukua mzigo mmoja, Bi Zuhura akamnyang'anya.

"Nangoja lori la huyu liondoke."

"Mama, gari jingine ni jioni!"

"Basi nitapanda la jioni. Huyu ni mgeni wangu, namsindikiza."

Gari likaenda. Tukakaa juu ya mikeka yake pembeni mwa barabara, mimi mgeni na yeye mwenyeji asiye na nyumba, mpaka lori lilipokuja. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga tangu siku ile ya maji. Nikaangalia barabara badala ya kuyasema.

Yeye ndiye aliyesema. "Daftari lako umelichukua?"

"Nimelichoma, Bi Zuhura."

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu mambo yale yatokee nikaona macho yake yamejaa.

"Ungeliacha, Deo," akasema. "Mlikuwa na maneno yangu mengine mazuri mle."

Dereva akapiga honi. Nilipanda nyuma na sanduku langu la bati. Alisogea mpaka kwenye bodi la lori, akaweka kiganja chake juu ya mguu wangu, mguu uleule aliouona siku ya kwanza ukiwa na matope, akasema, "Nenda. Mungu akusitiri."

Hakusema Mungu akusamehe. Alisema akusitiri, akanifunika mimi niliyemvua sitara. Nilimwona amesimama pale hadi barabara ilipopinda, na sikurudi tena.

Lete hilo daftari, mwanangu, tuanze na maneno ya shule. Nawe, popote utakapolala, na kila atakayekufungulia mlango wake, Mungu awasitiri.